Hospisi Yetu Ni Nzuri? Uliza Kwanza Mgonjwa Alilalaje



Kikundi chetu kina wanachama ishirini na wawili, wengi wao akina mama. Kila mwezi tunachanga pesa kidogo za mfuko wa wagonjwa. Hapo mwanzo pesa hizo zilikuwa za unga na sabuni tu. Baadaye hospisi moja inayotembelea lokesheni yetu ilituomba tusaidie nauli ya muuguzi, nasi tukakubali.

Mwaka ulipoisha, kamati iliuliza: Je, watu hawa wanafanya kazi nzuri? Katibu akafungua daftari akasoma. Ziara ishirini na sita, moja kila wiki mbili. Hakuna hata siku moja ambayo sista alikosa kuja. Tukapiga makofi.

Halafu mama mmoja akainuka kule nyuma. Alikuwa akimuuguza mumewe aliyekuwa na kansa ya koo. Akasema, "Mimi siwezi kupiga makofi. Sista ni mtu mzuri na anakuja siku yake. Lakini chupa ya dawa inaisha siku ya kumi, na sista anarudi siku ya kumi na nne. Hizo siku nne katikati, kwangu hakuna anayelala."

Watu wakanyamaza. Tulikuwa tumehesabu ziara, lakini usiku wa mgonjwa hakuna aliyeuhesabu. Tangu siku hiyo tulijifunza namna nyingine ya kupima hospisi, na ndiyo tunataka kuwaeleza hapa.

HOSPISI NI KITU GANI?

Wengi wakisikia hospisi hufikiri ni nyumba ya kwenda kufia. Sivyo. Hospisi ni huduma ya mtu mwenye ugonjwa mzito, ambao mara nyingi hauponi tena, ili asiishi kwa maumivu. Huduma hii inaangalia mwili, mawazo, roho, na pia jamaa wanaomuuguza.

Hospisi ya kwanza ya namna hii ya kisasa ilifunguliwa London mwaka wa 1967 na daktari Cicely Saunders. Hapa Kenya, Nairobi Hospice ilianza kuhudumia wagonjwa mwaka wa 1990. Hospisi nyingi zetu hazina vitanda vya kulaza watu. Mgonjwa anakuja kliniki, au muuguzi anamfuata nyumbani. Kwa hiyo usiipime hospisi kwa ukubwa wa jengo wala kwa maandishi kwenye mlango wa gari. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

MAMBO SABA YA KUANGALIA

1. Wana dawa ya maumivu makali?
Hili ndilo la kwanza. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 1986 kwamba maumivu ya kansa yatibiwe kwa ngazi. Maumivu madogo, dawa ndogo kama panadol. Yakizidi, dawa yenye nguvu zaidi. Yakiwa makali, mofini. Mofini ya kunywa ni dawa ya maji, na mgonjwa anaweza kuinywa nyumbani kwake. Jirani zetu wa Uganda wameonyesha kwamba jambo hili linawezekana hata vijijini. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka wa 1993 na daktari Anne Merriman, hutengeneza mofini ya maji kutoka kwa unga wake.

Ikiwa hospisi inakuja na maombi, unga na maneno mazuri, lakini haina mofini wala haijui mahali pa kuipata, hiyo ni huduma nusu.

2. Dawa inatosha mpaka ziara inayofuata?
Mofini ya maji hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa kwa saa, hangojei maumivu yarudi. Mpango unaotumika sana ni huu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku. Mara nyingi dozi ya saa nne usiku hufanywa mara mbili, ili mgonjwa alale bila kuamshwa usiku wa manane. Kipimo chenyewe hupangwa na daktari au muuguzi. Msikibadilishe ninyi wenyewe.

Sasa fanyeni hesabu. Chupa moja inakaa siku ngapi? Muuguzi anarudi baada ya siku ngapi? Kama hesabu hizo hazilingani, siku zilizobaki katikati ni siku za mateso.

3. Wanaeleza jinsi dawa inavyofanya kazi?
Mofini hufunga choo. Muuguzi mzuri hutoa dawa ya kulainisha choo siku ile ile anapotoa mofini, hangoji mgonjwa alalamike. Pia atawaambia kwamba siku za kwanza mgonjwa anaweza kusinzia au kusikia kichefuchefu, na kwamba kwa wengi hali hiyo hupungua.

Watu wengi huogopa kwamba mofini itamfanya mgonjwa kuwa mlevi wa dawa, au itamwua haraka. Ikitolewa kwa kipimo kinachofaa kwa ajili ya maumivu, haileti kifo mapema, na ni nadra mgonjwa wa maumivu kuingia katika uraibu. Hospisi nzuri huketi chini na jamaa na kujibu hofu hizi. Mahali ambapo hofu haijajibiwa, chupa hufichwa kabatini na mgonjwa anaendelea kulia.

4. Wanashika sheria?
Mofini inalindwa na sheria ya mwaka wa 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya. Chupa iwe na karatasi yenye jina la mgonjwa, nguvu ya dawa, kipimo na tarehe. Iwekwe mbali na watoto. Dawa iliyobaki baada ya mgonjwa kufariki irudishwe, na hospisi iandike kwamba imerudishwa. Ulizeni pia kama mahali penyewe pana leseni, na kama wauguzi wamesajiliwa na Baraza la Wauguzi. Mtu wa kweli hakasiriki akiulizwa karatasi yake.

5. Wanamfundisha anayeuguza?
Sista anakaa saa moja. Mke, binti au mkwe anakaa siku kumi na nne. Je, amefundishwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya kulalia? Anajua kusafisha mdomo uliokauka, na kupunguza harufu ya kidonda? Ana nambari ya simu ya kupiga usiku, na ikipigwa inajibiwa? Jaribuni kuipiga nambari hiyo siku ya Jumapili.

6. Pesa zinaeleweka?
Ulizeni mapema: ziara ni bei gani, dawa ni bei gani, na asiye na kitu anafanywaje? Kila malipo yawe na risiti. Tangu Oktoba 2024 kazi ya NHIF ilichukuliwa na SHA, kwa hivyo ulizeni pia kama hospisi ina mkataba na SHA na ni huduma zipi zinazolipiwa. Familia isiuze ng'ombe wa mwisho kwa sababu hakuna aliyewaeleza.

7. Wanamheshimu mgonjwa, na wanarudi baada ya mazishi?
Je, wanazungumza na mgonjwa mwenyewe, au wanazungumza juu yake kana kwamba hayupo? Anaruhusiwa kuomba kwa namna ya dini yake, au kukataa kuombewa? Siri yake inawekwa? Picha yake inapigwa kwa ruhusa yake? Na baada ya mazishi, kuna mtu anayerudi kumjulia hali mjane na watoto?

WATOTO WASISAHAULIWE

Mwaka wa 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wa Kenya waliokuwa wagonjwa bila kupata dawa ya maumivu. Mtoto anasikia maumivu kama mtu mzima, ila pengine hawezi kuyasema. Hulala kimya akikunja uso, au hakubali kuguswa. Ulizeni hospisi kama wana mtu aliyefundishwa kuhudumia watoto, na kama dawa hupimwa kulingana na kilo za mtoto.

KUPIMA KWA MKONO

Msifikiri kupima ni kazi ya wasomi tu. Chama cha Afrika cha huduma hii, chenye makao yake Kampala, kilitayarisha maswali kumi, saba ya mgonjwa na matatu ya jamaa. Majibu hutolewa kwa namba kutoka sifuri hadi tano, na yanahusu siku tatu zilizopita. Asiyejua kusoma hutumia mkono. Kwa swali la maumivu, ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu, na vidole vitano vikisimama ni maumivu yasiyo na mfano.

Kikundi chetu hakikutumia maswali yote. Tulichagua manne:

- Siku tatu zilizopita, maumivu yako yalikuwa vidole vingapi?
- Usiku wa jana ulilala?
- Kuna siku dawa ilikwisha kabla ya sista kurudi? Siku ngapi?
- (Kwa anayeuguza) Unajua la kufanya akizidiwa usiku?

Tulichagua akina mama wawili na mzee mmoja ambao watu wanawaamini. Walikwenda kwa kila mgonjwa aliyekubali, siku ambayo sista hayupo. Mtu hawezi kusema ukweli wote mbele ya yule anayemletea dawa. Hawakuuliza jina la ugonjwa, na katika daftari hawakuandika jina la mtu, ila namba. Walirudi baada ya mwezi mmoja wakauliza maswali yale yale. Vidole vikipungua, huduma inasaidia. Vikibaki vinne au vitano, kuna kasoro mahali.

ISHARA ZA HATARI

Jihadharini na mtu anayeahidi kuponya kansa, anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali, anayechoma sindano isiyo na jina, au anayetaka pesa kwanza kabla ya kumwangalia mgonjwa. Huyo si wa kupewa muda arekebishe. Pelekeni habari kwa afisa wa afya wa kaunti ndogo.

TUKIPATA KASORO TUFANYEJE?

Sisi tulikosea mara moja. Baada ya mkutano ule, wanachama wengine walitaka tuwanyime hospisi nauli mara moja. Mwenyekiti akasema, "Kwanza tuwapelekee hesabu yetu."

Tulikwenda watu watatu na daftari. Sista aliisoma, akafungua kadi ya yule mzee, akashika kichwa. Maumivu ya mzee yalikuwa yameongezeka, naye akaongeza kipimo cha dawa. Lakini ukubwa wa chupa ulibaki ule ule wa zamani. Hakuna aliyekuwa ameiba, wala hakuna aliyekuwa mvivu. Ni hesabu tu iliyokosa mtu wa kuifanya, na mama wa watu alikuwa anaogopa kusema asije akaonekana hana shukrani.

Wiki hiyo hiyo mzee alipewa chupa ya kutosha siku kumi na nne na siku mbili za akiba. Kijana wake aliandikwa kwenye kadi kuwa ndiye atakayekwenda kuchukua dawa kukiwa na haja, na kikundi kikaamua kumlipia nauli ya boda boda. Mzee aliishi wiki saba zaidi. Mama alituambia kwamba katika wiki hizo waliongea mambo mengi ya nyumba yao, ya shamba na ya watoto, ambayo hawangeweza kuyaongea wakati mtu analia. Alifariki kitandani kwake, asubuhi, akiwa ametulia.

Huyo mama ndiye sasa anayeongoza timu yetu ya kuuliza. Hospisi nayo imeanza kuandika kwenye kila kadi tarehe ambayo chupa itaisha, kando ya tarehe ya ziara. Nauli ya sista tunaendelea kuilipa, na tunailipa kwa moyo mweupe kuliko zamani.

Kwa hivyo, ndugu, msingoje mwisho wa mwaka. Nendeni na daftari, na nendeni na sikio. Hospisi ikiwa nzuri itawashukuru.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni wagonjwa wangapi walio kitandani sasa? Nani anawatembelea?
2. Yule mgonjwa wa mwisho tuliyemzika, alilalaje katika wiki yake ya mwisho? Tunajuaje?
3. Watu wa kwetu wanaogopa nini kuhusu mofini? Nani anaweza kuja kutueleza?
4. Kwa nini jamaa wa mgonjwa huogopa kulalamika? Kikundi kinaweza kuwasemeaje bila kuwaletea taabu?
5. Tuchague watu watatu leo. Watakwenda kuuliza lini, na watatuletea majibu mkutano upi?