Mbega wa Meru na hesabu ya ngurumo

Kivuli cha mwewe kikipita juu ya uwanja wa nyumba pale Kikatiti, kando ya barabara ya Arusha–Moshi, jogoo hutoa mlio mwembamba wa kuvutika. Kuku hujibanza chini, jicho likitafuta mbinguni. Akitokea nguchiro kwenye mahindi, jogoo hubadili: ko-ko-ko za haraka haraka, na kuku husimama shingo juu. Mwaka 1993 Christopher Evans na wenzake walichapisha jaribio ambalo kuku walisikilizishwa milio hiyo kwenye spika tu, bila adui yeyote. Wakafanya vilevile. Na jogoo akiwa peke yake, mwewe hata apite, aghalabu hukaa kimya; hupaza sauti zaidi majike wakiwapo. Wanaume wa namna hiyo tunawafahamu.

Ukipanda kutoka hapo kuelekea Mlima Meru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, utakutana na fundi mkubwa zaidi: mbega. Alfajiri, dume la kundi moja hunguruma, la jirani hujibu, kisha msitu mzima huitikia. Mgeni anayeisikia ngurumo hiyo mara ya kwanza hudhani ni pikipiki inayokataa kuwaka. Kikoromeo cha mbega ni kikubwa, ndiyo maana mwili ule wa mla majani hutoa sauti nzito kiasi hicho.

Lakini msamiati wake ni haba mno. Katika msitu wa Budongo, Uganda, Anne Schel na Klaus Zuberbühler waliwachunguza mbega wa jamii hiyohiyo, na mwaka 2009 wakaeleza jinsi wanavyoonyana kwa sauti mbili tu: mkoromo mfupi wa puani, na ngurumo. Kwa chui, dume huanza na mkoromo, kisha ngurumo chache. Kwa tai, mkoromo hauna nafasi; ngurumo hufuatana mfululizo, nyingi. Maana imo katika mpangilio na hesabu. Sisi nasi tunafanya hivyo bila kufikiri: “mh” moja fupi ni kukubali, “mmmh” ya kuvutwa ni shaka, na msonyo hauhitaji kamusi.

Kinachonishangaza zaidi ni wanaosikiliza sauti zisizo zao. Huko Amboseli, ng'ambo ya Kilimanjaro, Karen McComb na wenzake waliwasikilizisha tembo rekodi za watu wakisema kwa lugha zao kwamba kundi la tembo linakuja. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Waliposikia mwanamume wa Kimaasai, tembo walisongamana wakiwakinga watoto, mikonga ikinusa hewa, kisha wakaondoka kimyakimya. Sauti ya mwanamume wa Kikamba iliwatia hofu ndogo zaidi. Watafiti wakaichezea kwa kompyuta sauti ya Mmaasai hadi ikafanana na ya mwanamke, na tembo hawakudanganyika. Walipowekewa wanawake na wavulana wa Kimaasai wenyewe, wengi hawakuona sababu ya kukimbia.