Je, Wajua? Twiga wa Malindi Alipokewa China Kama Mnyama wa Mbinguni

Ukiwauliza watu wa Mlowo urafiki wetu na China ulianza lini, wengi watakutajia TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ikapita Mbozi kwenda Tunduma hadi Zambia. Kwa kweli pwani yetu ilishapeleka ujumbe China zaidi ya miaka 550 kabla ya reli hiyo, na katika msafara huo alikuwemo twiga.

Alitoka Malindi, akafika mwaka 1415. Wachina waliomwona waliamini wamemwona qilin.

Qilin ni mnyama wa hekaya za kale za China. Ana mwili wa kulungu, mkia wa ng'ombe, na pembe moja iliyofunikwa na nyama ili isimjeruhi mtu. Ni mpole mno, hata majani mabichi hayakanyagi. Tena haonekani ovyo: hujitokeza nchi inapokuwa na mtawala mwadilifu. Inasimuliwa kwamba alimtokea mama yake Confucius kabla hajajifungua, na kwamba mwingine alipokamatwa mwaka 481 kabla ya Kristo, Confucius alilia, kwa kuwa mnyama wa heri alikuja katika zama mbovu.

Mtazame sasa twiga kwa macho ya mtu aliyekuzwa na masimulizi hayo. Vipembe vyake ni mfupa uliovikwa ngozi na manyoya, havina ncha kali. Kwato zimegawanyika mara mbili. Mkia unaishia kwa shada la nywele, kama wa ng'ombe. Hali nyama, na ni nadra kusikia sauti yake. Pembe ni mbili badala ya moja, lakini mengine yanaoana kiasi cha kushangaza.

Mwaka mmoja kabla, 1414, twiga mwingine alikuwa ameletwa na mfalme wa Bengal. Bengal haina twiga, kwa hiyo huyo naye alikuwa amevushwa bahari kutoka Afrika. Shen Du, mwandishi wa ikulu, alitunga maneno ya kumsifu, na picha yake ikachorwa: twiga amefungwa hatamu, na mtu aliyeshika kamba ameinua uso kumtazama.

Mfalme wa wakati huo, Yongle, alikuwa amekitwaa kiti mwaka 1402 kwa kumpiga vita mtoto wa kaka yake. Mtu wa namna hiyo anahitaji sana dalili kwamba mbingu zimemkubali. Hata hivyo, twiga wa Bengal alipofika na mawaziri wakaomba kumpongeza mfalme, mfalme alikataa, akisema utawala mwema hauzuiliki kwa kukosa qilin. Alipokuja yule wa Malindi, mfalme alitoka mwenyewe hadi lango la ikulu kumpokea, akasema sifa ni za marehemu baba yake na za mawaziri waliomsaidia. Mimi naona hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki: mnyama wa mbuga zetu alimpa mfalme wa China kitu ambacho jeshi lake halikuweza kumpa.

Mwaka 1417 jemadari wa mfalme huyo, Zheng He, alianza safari yake ya tano ya baharini, merikebu zake zikiwarudisha wajumbe makwao. Mwaka 2010 wanaakiolojia walifukua Mambrui, kaskazini mwa Malindi, sarafu ya shaba yenye tundu la mraba, imeandikwa jina la enzi ya Yongle.