Lelemama Sebuleni: Ngoma na Afya ya Mama Zetu



Majira ya baridi yaliyopita tulikutana wanawake kumi na mmoja katika nyumba moja hapa Ibra. Azma yetu ilikuwa ndogo: kunywa kahawa, kunyoosha viungo, na kukumbushana ngoma za kwetu. Miongoni mwetu alikuwamo mama mmoja aliyeingia nchi hii katika miaka ya sabini, akiwa bado kijana. Tangu afiwe na mumewe alikuwa hatoki nje. Wanawe wako Maskati kikazi, na wajukuu akiwasemesha kwa Kiswahili humjibu kwa Kiarabu. Alikuja kwa kushurutishwa na bintiye, akajikalia pembeni kimya.

Mwenzetu mmoja alipoanza kupiga tari kwa mwendo wa lelemama, nasi tukajipanga mstari, tulimwona yule mama akitutazama mikono. Haukupita muda akasimama. "Sivyo, wanangu," akasema. "Mkono hautupwi, mkono huwekwa." Akaja mbele, akatufundisha.

Hatusemi kwamba alipona huzuni yake siku ile. Msiba hauondoki kwa tari. Lakini wiki ya pili ndiye aliyepiga simu kuuliza tutakutana saa ngapi. Kisa hicho ndicho kilichotusukuma kuandika makala haya.

Vijana wetu wengi hawajui lelemama ni nini. Ilikuwa ngoma ya wanawake wa Unguja, Mombasa na miji mingine ya pwani. Si ngoma ya kurukaruka. Wanawake hujipanga, wakaenda kwa hatua fupi na kwa miondoko ya mikono iliyopimwa, huku wakiimba na kupokezana. Nyuma yake palikuwa na jambo kubwa zaidi, nalo ni vyama. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake wa Kiislamu wa Mombasa, ameeleza jinsi vyama vya lelemama vilivyokuwa na viongozi wao na vyeo vyao, vikishindana kwa nyimbo na mavazi, na wanachama wakisaidiana katika arusi na mazishi. Kwa maneno mengine, mwanamke mwenye kundi lake la ngoma alikuwa na watu wa kumbishia hodi anapougua.

Hicho ndicho tulichokipoteza tulipohama. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya mwaka 1970 milango ya Oman ilipofunguliwa, familia zetu zilirejea kwa mafungu. Tulipata makazi, kazi na shule, na twashukuru. Lakini mtaa haukuja pamoja nasi. Mama aliyezoea kuzungumza na jirani dirishani alijikuta ndani ya ukuta mrefu, na kufika kwa shoga yake kukawa kwahitaji gari na dereva.

Wala tusidhani kwamba ngoma ni kitu kigeni hapa. Ndugu zetu wa Sur, ambao majahazi ya mji wao yalisafiri miaka mingi kwa pepo za kaskazi na kusi, wanaijua leiwa. Hupigwa kwa zumari na ngoma, na baadhi ya nyimbo zake zina maneno ya Kiswahili hadi leo. Huko Nizwa na Dakhiliyah wanaume wana razha yao ya panga na mashairi. Ndiyo kusema bahari haikututenga, ilitugawia.

Wapo wenzetu wanaouliza: je, jambo hili si upuuzi, au pengine kinyume cha haya? Swali hili tunaliheshimu, na sisi si watoa fatwa. Tunasema tu namna tunavyofanya: wanawake peke yetu, mlango umefungwa, simu zimewekwa kapuni, na sala ikiingia tunasimama kuswali. Ngoma za kupunga pepo hazimo katika shughuli yetu.

Ipo aibu nyingine isiyotajwa. Baadhi yetu twaziona ngoma kuwa za "watu wa chini". Ni kweli kwamba nyingi ya ngoma hizi zilivuka bahari pamoja na watu waliochukuliwa bara kwa nguvu na kufanywa watumwa. Lakini aibu ya jambo hilo ni ya waliotenda, si ya waliopiga ngoma. Waliopokonywa kila kitu walibaki na ngoma, na wakatugawia hata sisi. Kuwafundisha watoto ukweli huo nako ni malezi.

Tuje kwenye afya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na wenye umri wa miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya nguvu na ya kujizuia wasianguke. Ngoma ni mazoezi, na ni mazoezi ambayo bibi yako hatayaita adhabu. Mwaka 2003 madaktari wa New York walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wazee 469 waliozidi umri wa miaka 75. Waliokuwa wakicheza ngoma mara kwa mara walipatwa kwa uchache zaidi na ugonjwa wa kupotewa na akili uzeeni. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba ngoma pekee ndiyo sababu, lakini unatupa moyo.

Kwa wanaotaka kuanza, twashauri haya. Watu kumi wanatosha. Mkutane saa moja kila wiki, na wakati wa joto iwe baada ya Isha. Anzeni kwa kunyoosha shingo, mabega na vifundo vya miguu. Wekeni viti: asiyeweza kusimama acheze kwa mikono, kwani lelemama yataka mikono kwanza. Maji ya kunywa yawe karibu. Mwenye maradhi ya moyo, presha au kisukari amwulize daktari wake kwanza. Na waleteni mabinti na wajukuu, kwa sharti moja tu: wimbo utafunzwa kwa Kiswahili, na maana yake itaelezwa na aliye mkubwa kuliko wote chumbani.

Wanaoijua ngoma hii kwa ukamilifu wamebaki wachache, na wengi wao wamekaa peke yao saa hii. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi tuwabishie hodi waundaji wangali hai.

Wabillahi tawfiq.