Je, Wajua? Panya buku wa Morogoro hupakwa losheni ya jua

Panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hawaanzi na kunusa mabomu. Wakishafumbua macho, wakiwa na wiki tano hivi, huzoeshwa kwanza watu: hubebwa begani, husikilizishwa kelele za magari, hutembezwa kwenye nyasi. Hatua hii ndiyo iliyobeba kazi yote, kwani panya mwoga hanusi chochote. Kisha hufundishwa kwamba mlio wa "klik" ni dalili ya ndizi au karanga, na karanga nyingine huzifutika mashavuni. Wakishahitimu kunusa mabomu, hufanya kazi asubuhi na mapema, masikio na mkia vikiwa vimepakwa losheni ya kukinga jua. Mmoja wa panya hao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kugundua mabomu ya ardhini nchini Kambodia.