Mikoko, Mwani na Kima Punju: Pwani Moja, Wenyewe Wengi

Siku za bamvua maji yanapokupwa, Ghuba ya Chwaka, mashariki mwa Unguja, huacha tope na mchanga kwa mwendo mrefu. Ardhi wazi ya namna hii, katika pwani nyingi duniani, ndiyo inayowavutia watu wenye miche ya mkoko: hapana mti, hapana nyumba, basi na tupande. Na hapo ndipo miche mingi hufa.

Mkoko ni mti wa maji ya chumvi, lakini haustahimili kufunikwa mchana kutwa. Tope la pwani halina hewa, kwa hiyo mizizi hupumua kwa vitundu vidogo vilivyo kwenye gome. Mikoko ina aina nyingi: mkoko wenyewe huinua mizizi yake juu ya tope, ilhali mchu na mlilana huchomoza mizizi iliyosimama wima mfano wa penseli. Vitundu vikizama saa nyingi mno, mti hukosa pumzi. Robin Lewis, mtaalamu wa Marekani, alionyesha kuwa misitu ya asili ya mikoko hufunikwa na maji kwa takriban 30% tu ya muda. Huko West Lake, Florida, ardhi ilisawazishwa hadi kimo kinachofaa, mifereji ikafunguliwa, na mbegu zikaletwa na maji yenyewe.

Ndiyo maana kila mti una zamu yake. Mlilana hukaa mbele, kwenye mawimbi. Nyuma yake huja mkoko, kisha mkandaa, na mchu huweza kusogea hadi karibu na nchi kavu, ambako maji hufika siku za bamvua tu. Kabla ya kupanda, swali ni moja: kwa nini hapa hapana mikoko? Kama ilikatwa kwa boriti na kuni, ikipumzishwa mara nyingi hurudi, maana mbegu ya mkoko humea ingali mtini, ikadondoka na kuelea hadi itakaponasa. Kama tuta au barabara imeziba mkondo, kazi ya kwanza ni kuuzibua. Na kama haikuwahi kuwapo, huenda maji yameshatoa jibu.

Kigumu zaidi ni kwamba pwani ina wenyewe. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani, kikaenea hadi ghuba hii. Wanawake hupigilia vigingi, wakavuta kamba na kufunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwa tai-tai, yaani vikamba vidogo, wakifuata kalenda ileile ya bamvua. Miche ikipandwa kwenye uwanda wao, hasara ni mbili: miti haishiki na shamba limepungua. Hata hivyo mikoko ya ufukweni ikiisha, mvua husukuma udongo hadi kwenye mwani, na maji machafu huuzuia mwanga.

Nyuma ya mikoko kuna msitu wa Jozani, uliounganishwa na ghuba kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Humo anaishi kima punju, mnyama wa Zanzibar peke yake. Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilikadiria zaidi ya 5,800. Kima hajui mpaka. Kisiwani Uzi hula majani ya mikoko na kwa sababu ya chumvi hulazimika kunywa maji, jambo adimu kwa jamaa zake. Mashambani hula majani ya mkungu na mwembe, kisha hutafuna mkaa unaosaidia kunasa sumu za majani hayo. Wakulima walilalamika kuwa anamaliza minazi, lakini utafiti wa Kirstin Siex na Thomas Struhsaker wa mwaka 1999 haukuona mavuno yakipungua: kima hula vidaka, na huenda vinavyobaki hukomaa vizuri zaidi. Utafiti huo ni wa minazi. Mkulima wa mazao mengine bado ana haki ya kulalamika.

Hapa ndipo mtalii anapoingia kwenye hesabu. Pete, kijiji jirani, kuna njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, mtu akatembea bila kukanyaga mizizi ya kupumulia. Sehemu ya viingilio vya Jozani huwafikia wakulima na miradi ya vijiji. Ni mpango mzuri, ila una udhaifu: mwaka 2020 watalii walipoadimika kwa sababu ya korona, kima hawakuacha kula. Ulinzi unaotegemea tiketi peke yake hulegea tiketi zikikosekana, kwa hiyo mikoko lazima iwafae pia wavuvi na wakulima wa mwani.

Kwa wenye miche tayari, ushauri ni rahisi na hauhitaji mfadhili. Simika kijiti chenye alama, angalia maji yanafika wapi katika bamvua moja na maji mafu mamoja, kisha waulize wanawake wa mwani nani hutumia mahali hapo. Majibu hayo mawili yakipatana, panda. Yasipopatana, tafuta mahali pengine.