Nondo za Nyumba ya Binti: Namna ya Kuzihifadhi Zisiliwe na Kutu

Ni ada ya kale katika mji wa Lamu kwamba binti anapoolewa wazazi humwandalia makao, na mwenye uwezo humjengea ghorofa juu ya nyumba ya wazee wake. Zamani ghorofa hiyo ilisimama kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, vitu visivyoshika kutu. Leo wengi wetu tunajenga kwa zege na nondo, na kwa hivyo tumemkaribisha nyumbani adui anayehitaji kuchungwa.

Familia nyingi hazinunui vifaa kwa mkupuo mmoja. Mama hupokea zamu yake ya mchezo akanunua nondo chache. Baba akipata msimu mwema wa uvuvi huongeza nyingine. Nondo huvushwa bahari kutoka Mokowe, zikarushiwa maji ya chumvi njiani, kisha zikalazwa uani miaka miwili au mitatu, huku binti akikua. Je, siku ya kujenga ikifika, ni chuma kiasi gani kitakachokuwa kimebaki katika kile tulichokilipia?

Kutu huhitaji maji na hewa, na chumvi huiharakisha. Kila mama amewahi kuona chumvi ya jikoni ikilowa yenyewe wakati wa kusi, pasipo kumwagiwa tone la maji. Chumvi iliyoganda juu ya nondo hufanya vivyo hivyo: huvuta unyevu wa hewani na kukiweka chuma katika hali ya umaji mchana na usiku. Ndiyo maana chuma cha visiwani huliwa hata pasiponyesha mvua.

Hasara hiyo haiishii kwenye fedha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyotokana nacho, zaidi ya maradufu. Ikiendelea ndani ya zege hulisukuma mpaka likapasuka, na vipande vya dari vikawaangukia waliolala chini yake. Saruji kwa kawaida hukilinda chuma, lakini chumvi iliyoingia pamoja na nondo, au pamoja na mchanga wa pwani, huuvunja ulinzi huo.

Basi tufanyeje? Kwanza, nondo zikishafika zisuuzwe kwa maji matamu na kukaushwa juani siku hiyo hiyo. Maji ya visima vyetu ni ya thamani; kitambaa kilicholowekwa na kukamuliwa chaweza kutosha.

Pili, zisilazwe chini. Zipangwe juu ya matofali au vipande vya boriti, kiasi cha shibiri moja kutoka ardhini, upande mmoja ukiinuliwa kidogo ili maji yateremke. Vihimili viwe karibu karibu, nondo zisije zikapinda.

Tatu, mahali bora ni chini ya paa, upande usioelekea upepo wa bahari. Turubai lisizibanie kabisa: liwe juu kama hema, ncha zote mbili zikiachwa wazi hewa ipite. Nailoni iliyofungwa kwa kubana huzuia mvua, lakini hufungia jasho ndani.

Nne, mabati yawekwe mbali na nondo. Yamepakwa zinki, lakini yakibebanishwa yakiwa mabichi hutoa unga mweupe, nao ni dalili kwamba zinki inaliwa. Yakilowa yatenganishwe, yafutwe, yakaushwe, kisha yaegemezwe kwa mwinamo. Misumari ikae katika mkebe mkavu wenye kifuniko.

Tano, nondo zilizoachwa zimechomoza juu ya dari kungojea ghorofa ijayo zisisahauliwe. Zifunikwe kwa zege hafifu litakalobomolewa baadaye.

Namna ya kujua hali ya nondo ni nyepesi. Siku ya kununua, pima mita moja kwenye mizani: ya milimita 12 huwa na gramu zipatazo 888, na ya milimita 10 gramu 617. Andika uzani huo. Siku ya kujenga, sugua kwa brashi ya waya na upime tena. Wekundu mwepesi unaofutika hauna dhara kubwa. Lakini magamba yakibanduka, vishimo vikaonekana na uzani ukawa umepungua waziwazi, mwite fundi mwaminifu aamue kabla zege halijamwagwa.

Na lililo bora kuliko yote ni kutonunua chuma mapema kupita haja. Ikiwa ujenzi u mbali, anza na mawe, ambayo hayaogopi chumvi.

Katika Surat al-Hadid, Mola wetu ametukumbusha kwamba katika chuma mna nguvu na manufaa kwa watu. Kukiacha kikaoza uani ni kuipoteza neema, na kumlaza mtoto chini ya dari dhaifu ni kuivunja amana. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo ndani yake. Amin.