Karakana yangu ya nyumbani Kariobangi na siku grainda iliponitia adabu

UKIINGIA Kariobangi Light Industries Jumamosi asubuhi, masikio hutangulia kufika kabla ya macho. Huku nyundo zinagonga bati, kule grainda inalia, na nyuma yako mtu wa mkokoteni anapiga mluzi umpishe. Mashine za kusaga mahindi, za kukata chipsi, milango, madirisha: vyote vinaundwa hapo hapo kando ya njia, na hakuna anayekufukuza ukisimama kutazama, mradi usizibe njia.

Mimi si fundi. Siku za wiki nauza vifaa vya simu. Lakini nimelelewa Kariobangi, na mtoto wa hapa hukua akijua sauti ya chuma kabla ya kujua hesabu. Miaka miwili iliyopita niliamua kuacha kutazama tu. Nyuma ya ploti yetu, kati ya ukuta na kamba za nguo, kuna nafasi ya mita mbili kwa moja na nusu. Hiyo ndiyo karakana yangu.

Kifaa cha kwanza kilikuwa jiliwa, ile vaisi ya kubana chuma. Niliiona kwenye rundo la vyuma chakavu, imeshikana kwa kutu hadi haizunguki. Nilikuwa naenda zangu nikasikia mzee mmoja fundi akiniita.

“Kijana, hiyo si mbovu. Ni chafu tu. Nunua, uende uioshe.”

Niliilipia Sh1,500 nikaibeba begani hadi nyumbani. Mzee aliniagiza niifungue yote. Vipande vidogo nikavilowesha kwenye siki nyeupe usiku kucha. Asubuhi kutu ilitoka kwa brashi ya waya kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Nikasuuza kwa maji yenye magadi kuua makali ya siki, nikakausha juani, nikapaka grisi kwenye skrubu kubwa. Jioni vaisi ilizunguka kwa kidole kimoja. Siku hiyo sikulala mapema kwa furaha.

Kwa miezi mitatu sikuwa na kitu cha umeme. Nilikuwa na msumeno wa chuma, tupa mbili, nyundo na hiyo vaisi. Usidharau vifaa hivyo. Kwa msumeno, meno ya wembe yatazame mbele, kwa sababu unakata unaposukuma. Chuma cha unene wa wastani kinataka wembe wa meno 24 kwa inchi, tyubu nyembamba inataka wa meno 32, la sivyo meno yatang’oka. Tupa nayo hukata ikienda mbele tu. Ukiiburuta kurudi nyuma unaiua. Ukipiga tupa alumini, pakaza chaki kwanza ili unga wa chuma usizibe meno.

Nilitengeneza rafu ya viatu, nikarekebisha mguu wa meza ya mamangu, nikaunda ndoano za kuning’iniza sufuria. Majirani wakaanza kuleta vitu. Kichwa kikavimba.

Ndipo nikanunua grainda ya mkono wa pili. Haikuwa na kava, kile kifuniko cha chuma kinachokinga diski. Aliyeniuzia alisema kava inasumbua tu, na hata mimi nilikuwa nimeona watu kibao wakifanya kazi bila hiyo. Diski nilikuwa nazo, nilizipata kwa bei ya chini, nikaziweka chini ya kitanda mahali ambapo maji ya mvua huingia.

Jumamosi moja saa kumi jioni nilikuwa nalainisha mahali palipochomelewa, nikitumia ubavu wa diski ya kukatia. Nilisikia mlio kama wa risasi. Grainda iliruka mikononi. Nilipofungua macho, diski haikuwepo. Kipande kimoja kilikuwa kimepita kando ya sikio langu, kikatoboa beseni la nguo la mama jirani, kikakwama kwenye ukuta wa mabati.

Dakika moja kabla ya hapo, mwanawe wa miaka minne alikuwa amesimama kwenye beseni lile akicheza na povu. Alikuwa ameitwa ndani kunywa chai.

Mama jirani alitoka, akatazama beseni, akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Alisema tu: “Kijana, mimi sikukatazi kazi. Lakini leo ungenizikisha mtoto.”

Sikugusa grainda kwa wiki mbili. Nilipopata nguvu nilienda kwa yule mzee nikiwa na mabaki ya diski kwenye mfuko wa plastiki. Hakunipa pole.

“Kava iko wapi?”

“Haikuwa nayo, mzee. Niliinunua hivyo.”

“Basi hukununua grainda. Ulinunua nusu.”

Akaketi, akanifunza kile nilichopaswa kujua tangu mwanzo. Grainda ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski kubwa ya inchi tisa imeundwa kwa mwendo wa karibu 6,600 pekee. Ukitoa kava ili uifunge kwenye grainda ndogo, umetengeneza bomu. Diski ya kukatia hukata kwa ncha, haisagi kwa ubavu. Diski ikilowa au ikipata ufa, itupe. Tena ile pete ndogo ya chuma katikati ya diski huwa imechapishwa tarehe ya mwisho ya matumizi, kwa kawaida miaka mitatu baada ya kutengenezwa, kwa kuwa gundi yake huzeeka. Niliangalia zangu. Mbili zilikuwa zimepitwa na wakati.

Kuna mengine mawili. Ukifunga diski mpya, iwashe ikiwa imeelekezwa mbali na watu na uiache izunguke nusu dakika kabla ya kukata. Na unapobadilisha diski, chomoa waya kutoka kwa soketi. Kuzima swichi hakutoshi.

Mzee alinizungusha kwenye vibanda hadi tukapata kava inayoingiana na mashine yangu. Nilimlipa kwa kumfagilia kibanda chake.

Sasa hata kuchomelea nimejifunza, kwa mashine ndogo ya inveta. Soketi ya kawaida hapa Kenya ni ya ampea 13, kwa hivyo sijaribu makuu. Natumia rodi za geji 12, zile za milimita 2.5, kwa ampea 60 hadi 90. Waya wa ekstensheni naukunjua wote, maana ukiwa umeviringwa hupata joto hadi plastiki ikayeyuka. Rodi nazihifadhi kwenye mkebe uliofungwa vizuri. Zikishika unyevu, kazi inatoka na vitundu.

Kuhusu macho, miwani ya jua ya kununua barabarani haikingi kitu. Tafuta barakoa ya kuchomelea yenye kioo namba 10 au 11. Mwanga ule huchoma macho bila wewe kuhisi, halafu usiku unaamka ukidhani umetiwa mchanga. Ikitokea hivyo nenda kliniki, usiweke dawa za mtaani. Na wanaopita karibu pia wana macho: weka kizuizi cha bati au turubai.

Mabati na mabomba yenye zinki nayo ni hatari. Ukiyachomelea, moshi mweupe hutoka, na jioni unatetemeka ukidhani ni malaria. Vijana wengi huamini maziwa yanasafisha moshi huo. Maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni, havikutani. Kwangua zinki kwanza, fanya kazi mahali penye hewa, kaa upande ambao upepo unatoka. Na usithubutu kukata dramu au mtungi uliowahi kubeba petroli au gesi, hata ukiuona mtupu.

Jambo lingine kwa wanaookota vyuma: itisha risiti. Kuna sheria ya vyuma chakavu ya 2015, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa baada ya watu kuhujumu milingoti ya umeme. Usije ukakamatwa kwa ajili ya kipande cha anglaini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila Jumapili jioni nina dakika 20 za karakana. Napuliza vumbi kwenye matundu ya hewa ya grainda, nakagua waya kama umechubuka, nabrashi tupa na kuzitenganisha zisigongane, napaka vaisi oili. Hakuna anayeona kazi hiyo, wala huwezi kuipiga picha ukaweka mtandaoni.

Beseni la mama jirani nililinunua jipya. Pia nilimuundia stendi ya chuma ya kuliwekea, asiiname sana anapofua. Nilikata vyuma vyote kwa msumeno wa mkono kwa sababu wakati huo nilikuwa bado naogopa grainda. Ilinichukua wikendi mbili.

Siku hizi kabla sijawasha grainda nabisha mlangoni kwake. Yeye huita watoto ndani, anafunga mlango, kisha anapiga kelele kupitia dirishani: “Haya, endelea!” Hapo ndipo naendelea.